Anajua kurudisha chenji, hajui kutoa

Mpe mtoto wa darasa la tatu anayeuza ming'oko barabarani Newala noti ya shilingi 1,000, mwambie akufungie mafungu matatu ya shilingi 200. Kabla hujaonja wa kwanza atakuwa ameshakuhesabia 400 yako mkononi, na ukijifanya umempa noti kubwa zaidi atakuumbua mbele za watu. Jumatatu asubuhi mtoto huyohuyo anaitwa ubaoni. Hesabu ni 1,000 kutoa 600, imepangwa wima, elfu juu na mia sita chini. Anaandika 1,600. Darasa linacheka, kalamu nyekundu inapita, anarudi kukaa. Mwaka ukiisha ripoti itasema mtoto ni mzito, ajitahidi.

Lile 1,600 linafaa kutazamwa kabla ya kufutwa, maana halikuandikwa kwa kubahatisha. Alipokuwa darasa la kwanza, mtoto aliambiwa kwamba huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo, kwa hiyo akazoea kutafuta kubwa na kuitoa ndogo. Sifuri kwa sifuri akapata sifuri, mara mbili. Alipofika kwenye sifuri juu na sita chini, akageuza: sita kutoa sifuri, sita. Moja ikabaki peke yake, akaishusha. Alifuata kanuni yake bila kuteleza hata hatua moja. Watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha mwaka 1978 uchunguzi wa makosa ya namna hii na kuonyesha kwamba mengi yana mpangilio: ukiijua kanuni mbovu ya mtoto, unaweza kubashiri atakosea vipi swali linalofuata. Mwalimu anayesema "umekosa, rudia" anamwomba mtoto aitumie tena kanuni ileile.

Tofauti ya mtoto wa barabarani na mtoto wa ubaoni imewahi kupimwa. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti wao wa Recife, nchini Brazili, kuhusu watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Wakiwa kazini walipatia asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa na wateja, ambao kumbe ni watafiti. Baadaye walikalishwa na karatasi, namba zilezile zikiwa zimevuliwa nazi na matunda, wakapatia asilimia 37 tu. Mvulana mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Alijua bei ya nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, kisha nyingine tatu, akamalizia na moja, akafika 350. Njia ndefu, lakini ni yake na anajua kwa nini inafika.

Yapo mahubiri mepesi ya kwamba maarifa yote yapo mtaani na shule ndiyo inayoharibu. Siyaamini. Hesabu ya chenji haikufikishi kwenye sehemu wala kwenye eneo la shamba, na hakuna mzazi wa Masasi anayemnunulia mtoto sare ili akawe hodari wa kuuza ming'oko. Kinachopatikana hapa ni mahali pa kuanzia. Weka sarafu mezani, mtoto arudishe chenji kama alivyozoea, halafu aandike kwa namba kile ambacho mikono yake imekwisha kufanya. Akishaona mwenyewe kwamba elfu moja imevunjwa kuwa mia kumi ndipo mia sita zikatoka, ule ujanja wa "kukopa" unaowatesa watoto unapata maana. Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa 1896, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba mtoto hujenga maarifa kwa kushika, kupanga na kupangua vitu, na kwamba mtoto wa miaka saba au minane bado anafikiri vizuri zaidi kitu kikiwa mbele ya macho yake. Katika wilaya hizi vitu vya kuhesabia havihitaji bajeti. Korosho zimejaa. Mtoto aliyekaa mkekani na mama yake akichambua, zile safi huku na zilizooza kule, amekwisha kufanya kazi ya kuainisha ambayo kitabu cha kiada kinaiwekea sura nzima.

Hata mikono tunaipima vibaya. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi moja: waige umbo waliloonyeshwa. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, ule wa kutengenezea vigari, Wazambia walishinda. Kwa udongo walikwenda sare. Utafiti huo ulichapishwa 1979, na hadi leo mitihani yetu ni kalamu na karatasi. Huku kusini jambo hilo lina historia yake: mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, alipokuwa Masasi na Newala akikusanya habari za wenyeji, aliwapa watu karatasi na kalamu za risasi wachore, na baadhi ya michoro ikaingia katika kitabu chake cha 1908. Ninapoitazama nafikiria jinsi ambavyo angepata picha nyingine kabisa ya watu haohao kama angewapa gogo la mpingo na tezo.

Hesabu, hata hivyo, hurekebishika. Kinachomzamisha mtoto ni kusoma. Na hapa kuna hila moja ambayo kila mwalimu wa darasa la kwanza anaijua ingawa si kila mzazi anaijua: mtoto anaweza "kusoma" ukurasa mzima bila kusoma neno. Darasa limeuimba ukurasa huo wiki nzima, ba be bi bo bu, baba ana bata, na sikio lake zuri limeukamata wimbo. Kidole kinatembea chini ya mstari, mdomo unatembea na wimbo, na viwili hivyo havijuani. Ukitaka kumjua, funika mstari kwa karatasi, acha neno moja la katikati. Au mwambie asome kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Anayesoma atakwenda polepole lakini atafika. Aliyekariri atakutazama usoni akitafuta jibu kwako.

Watoto wa namna hii ni wengi. Uwezo, ule mpango wa kupima watoto majumbani uliochukua mfano wa Pratham ya India, ulipoanza kupima nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuta takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilijibu. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa na kuelekezwa kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuanzia 2016 mradi wa Tusome Pamoja ukaingia Mtwara pamoja na mikoa mingine michache, na mafunzo kwa walimu na vitabu vya hadithi. Mkazo ukahamia kwenye sauti: herufi hii inalia hivi, ukiziunganisha zinalia hivi.

Sauti ndiyo penyewe, na kwa mtoto wa Newala sauti ina kona zake. Tumezoea kujisifu kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo asiyeweza kukiandika ana lake jambo. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania wakachapisha matokeo mwaka 2003: kazi si nyepesi kama tunavyodhani, na mtoto huandika kile ambacho sikio lake linasikia kwa namna watu wa kwao wanavyozungumza. Mtoto aliyelelewa kwa Kimakonde anasema "ntoto", bibi yake anasema "ntoto", na daftarini anaandika ntoto. R na l zinabadilishana viti. Huyo hajashindwa kusikia, amesikia vizuri mno. Ukimwambia "andika unavyotamka" utakuwa umemdanganya. Anahitaji aambiwe waziwazi kwamba kitabu kina matamshi yake, nyumbani kuna matamshi yao, na yote mawili ni halali mahali pake. Dakika kumi za kucheza na maneno, mtu na mti, kula na kura, zinafanya kazi ambayo imla ishirini hazifanyi.

Kabla ya nadharia yoyote, macho na masikio. Mwombe asome kilichoandikwa ubaoni akiwa dawati lake la nyuma, kisha msogeze mbele asome tena. Simama mgongoni kwake unong'one jina lake. Uliza amekula nini. Haya hayahitaji shahada, na mara nyingine kesi nzima inaishia hapo.

Sasa kiboko, maana kwenye mazungumzo ya mtoto mzito hakikosi kutajwa. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa utovu mkubwa wa nidhamu, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Kukosa hesabu hakumo. Wapo wanaojitetea kwa B. F. Skinner, wakisema saikolojia yenyewe inafundisha zawadi na adhabu. Wamemsoma nusu. Skinner aliamini kwamba adhabu huzima tendo kwa muda bila kufundisha tendo jingine la kushika nafasi yake, na aliipinga waziwazi. Mwaka 1953 alikwenda kutembelea darasa la hesabu la binti yake huko Massachusetts, akatoka amekasirika kwa mambo mawili: watoto wote walilazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja, na hakuna aliyejua amepata au amekosa mpaka karatasi zisahihishwe, pengine kesho yake. Hasira hiyo ndiyo iliyomfanya atengeneze mashine za kufundishia. Huku hatuhitaji mashine. Madaftari 90 yanayokwenda ofisini na kurudi Alhamisi yanamwambia mtoto kuhusu kosa alilokwisha kulisahau. Bora maswali matatu yanayojibiwa papo hapo, kwenye mchanga au kibao kidogo, mwalimu akipita kati ya mistari, kuliko kumi yanayosubiri kalamu nyekundu.

Lakini nadharia ambayo ningemwomba kila mwalimu wa nyanda hizi aishike ni ya Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Alitoa mfano huu. Watoto wawili wa miaka kumi wanapimwa, wote wanaonekana wana uwezo wa mtoto wa miaka minane. Sisi hapo tunaandika ripoti na kufunga faili. Vygotsky akasema, ngoja, wape msaada kidogo: waulize swali la kuwaongoza, waanzishie jibu. Mmoja akisaidiwa anafanya maswali ya mtoto wa miaka 12, mwingine anafika ya miaka 9. Je, bado ni sawa? Kile anachoweza leo akishikwa mkono ndicho atakachoweza kesho peke yake, na hapo katikati ndipo pa kufundishia. Chini ya hapo unamchosha, juu ya hapo unampotezea muda.

Wazo hilo lilijaribiwa Bagamoyo. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo Ngorosho niliyemtaja, waliwapima watoto wa shule za vijijini, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuliendea swali, wakawapima tena. Matokeo yalitoka 2002. Alama zilipanda, na waliokuwa juu mwanzo hawakuwa lazima walewale waliokuwa juu baadaye. Maana yake ni kwamba kipimo cha mara moja, kile tunachokiamini kiasi cha kuwapanga watoto madawati ya mbele na ya nyuma, kilikuwa kimewaficha baadhi yao.

Msaada wenyewe una ufundi wake. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliuita, mwaka 1976, kwa jina la jukwaa la waashi: linasimama ukuta ukiwa mbichi, linaondolewa ukuta ukikauka. Walikuwa wakiwatazama watoto wadogo wakijenga piramidi ya mapande ya mbao na mwalimu akiingia pale tu walipokwama. Jean Lave, aliyekaa na mafundi cherehani wa Liberia, aliona jambo ambalo ningependa lijaribiwe kwenye kusoma: mwanagenzi haanzi na kukata kitambaa. Anaanza mwisho, kupiga vifungo na kukunja pindo, kwenye vazi ambalo tayari linaonekana vazi. Kisha anarudi nyuma, kushona, na kukata ni mwisho kabisa, kwa kuwa kukata vibaya ni hasara. Sisi tunamwanzishia mtoto kwenye kukata. Badala yake, msomee sentensi yote, mwachie neno la mwisho. Kesho mwachie mawili. Anamaliza hadithi yenye maana kila siku, na kila siku sehemu yake inakua.

Wamakonde, Wayao na Wamakua hawakuhitaji kusomewa Vygotsky ili wajue hili. Jandoni na unyagoni mafunzo ni ya nyimbo, vitendawili, michezo ya kuigiza na vitendo, na kila mwari ana mkubwa wake wa karibu anayemsimamia. Askofu Vincent Lucas wa Dayosisi ya Masasi alilitambua hilo mapema katika karne ya 20 akaingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku, hatua iliyowashtua wenzake wengi. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alisisitiza kwamba Waafrika walikuwa na elimu kabla ya shule, waliyoipata kwa kuishi na kutenda. Siendi mbali zaidi ya hapo. Jando likipangwa vibaya likala wiki za masomo, mtoto aliyekuwa anasuasua ndiye anayeumia kwanza. Na yako mafunzo ya unyagoni ambayo msichana wa miaka tisa hayamfai hata kidogo.

Kuna jambo jingine la malezi ambalo walimu wageni hulikosea. Mwaka 2018 Matthew Jukes na watafiti wenzake, wengi wao Watanzania, walichapisha utafiti kuhusu sifa ambazo wazazi na walimu wa Mtwara wanataka kuziona kwa mtoto. Heshima na utii vilitajwa sana na wazazi. Walimu waliongeza kujiamini na udadisi. Kwa hiyo mwalimu akiuliza "nani hajaelewa?" na darasa likanyamaza, asidhani wameelewa. Kumwambia mkubwa "sijakuelewa" ni kama kumwambia hajui kueleza. Mtoto huyu hatauliza mbele ya darasa. Atamuuliza mwenzake wa darasa la tano wakiwa njiani, na shule inayojua hivyo itawakutanisha makusudi, nusu saa kabla ya kengele, mkubwa amsikilize mdogo akisoma.

Nyumbani vilevile ni lazima ujue wa kumwendea. Watoto wengi wanalelewa na bibi, na mazungumzo huanza hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mume wangu amekosa nini tena?"

"Hajakosa kitu, bibi. Nataka kujua tu, hapa nyumbani anayejua kusoma ni nani?"

"Mimi herufi sizijui. Mjomba wake yupo, anakuja jioni."

Mjomba ni jibu zuri. Katika jamii hizi zinazofuata ukoo wa mama, neno lake kwa mtoto lina uzito ambao baba mwenyewe huenda hana. Na bibi asiyejua herufi ana kazi pia: amsimulie hadithi, amtegee vitendawili, amwombe "nisomee" kila jioni. Msikilizaji asiyeweza kumsahihisha ndiye anayemfaa mtoto aliyechoka kusahihishwa.

Mwalimu mwenye watoto 90 atasema haya ni ya mtoto mmoja, na ana haki. Kilichowezekana kwingine ni kuwapanga kwa kiwango badala ya darasa. Pratham nchini India, na Zambia baadaye, walitenga saa moja ya siku: wasiojua herufi pamoja, wanaosoma neno pamoja, wanaosoma aya pamoja, bila kujali wa darasa la tatu ni nani na wa tano ni nani. Kupima kunachukua dakika chache kwa mtoto, na anayevuka anahamia kundi la juu bila kungoja mwaka uishe. Hilo ni tofauti na kukariri darasa, dawa ambayo wazazi wengi huiomba Desemba. Mtoto aliyeimba ukurasa mwaka mzima atauimba tena, safari hii akiwa mrefu kuliko wenzake.

Makundi hayo yaanze Januari. Ikifika Oktoba korosho zinaanguka, familia zinahamia mashambani, na viti vya wale waliokuwa wakihitaji saa hiyo kuliko wote ndivyo vinavyokuwa vya kwanza kubaki wazi.